Mzigo Ukishatoka

Jumatatu ya Novemba 20, 2017, tawi la benki ya KCB mjini Thika, Kenya, liligundua kuwa limeibiwa kutokea chini. Sakafu ya chumba cha fedha ilikuwa imetobolewa, na shimo lile liliungana na handaki lililochimbwa kutoka chumba cha biashara cha jirani, ambacho wapangaji wake walijitambulisha kama wafanyabiashara wa kawaida. Zaidi ya shilingi milioni 50 zilikuwa zimeondoka. Haukupita muda mitandao ya kijamii ikajaa sifa kwa wachimbaji: subira yao, vipimo vyao, jinsi walivyoibukia mahali penyewe bila kukosea. Siku chache baadaye washukiwa walikuwa mikononi mwa polisi, wamekamatwa na mamilioni ya fedha ambazo hawakuwa wamepata hata nafasi ya kuzisogeza mbali.

Ustadi mkubwa wa kuingia, udhaifu mkubwa wa kutoka: hapo ndipo penye kiini cha suala zima la wizi wa mipango. Ukizisoma kesi maarufu za miaka mia na ushee iliyopita utaona kwamba akili zote zilimalizikia kwenye ukuta, kufuli na king'ora. Kinachofuata, yaani kugawana, kuficha, kuuza na kunyamaza, kilipangwa juujuu. Na mpelelezi, ambaye usiku wa tukio huwa amelala kwake kama watu wengine, anafanya kazi yake katika kipindi hicho cha pili. Upande wa pili wa jambo hili unanisumbua zaidi. Pale ambapo wezi wamefikiria safari ya mzigo kabla ya kufikiria mlango, polisi wa nchi nzima wameshindwa. Wizi wa namna hiyo hauna handaki wala barakoa, na mitandaoni hakuna anayeusifia.

Tuanze na Antwerp, Ubelgiji, mji ambao kwa miongo mingi sehemu kubwa ya almasi ghafi ya dunia imepitia humo. Jengo la Diamond Center liko kwenye mtaa wenye kamera na vizuizi vya magari, na chumba chake cha kuhifadhia mali za wateja kiko ghorofa mbili chini ya ardhi. Mlango wa chuma ulihitaji namba za siri na ufunguo. Juu yake zilifungwa sumaku mbili ambazo zikitenganishwa king'ora hulia. Ndani kulikuwa na vihisi vya mwanga, vya joto na vya mwendo. Wikendi ya Februari 15 na 16, 2003, kundi la Waitaliano likaingia humo, likavunja visanduku zaidi ya 100, likaondoka na almasi, dhahabu na fedha taslimu zilizokadiriwa kuzidi dola milioni 100. Hakuna kilicholia.

Kiongozi wao, Leonardo Notarbartolo wa Turin, alikuwa amepanga ofisi katika jengo hilo zaidi ya miaka miwili kabla ya tukio. Alikuwa na kadi ya kuingilia, kisanduku chake mwenyewe ndani ya chumba kilekile, na walinzi waliozoea sura yake. Watu hudhani wizi wa namna hii huanzia kwenye vifaa. Huanzia kwenye mazoea. Kila alipoteremka kama mteja aliweza kutazama kihisi kilipo, mlinzi anafanya nini saa ngapi, mlango unafungwaje. Inaelezwa kwamba siku moja kabla ya tukio kihisi cha joto na mwendo kilipuliziwa dawa ya nywele, ukungu wa mafuta ukakaa juu ya kioo chake, na kwa muda kikawa hakioni. Zile sumaku mbili zilibanwa pamoja kwenye kipande cha alumini kilichotengenezwa kwa vipimo vyake, kisha zikang'olewa kwa pamoja na kuwekwa pembeni zikiwa bado zimeshikana, king'ora kikaamini kuwa mlango haujaguswa. Kihisi cha mwanga kilizibwa kwa utepe wa gundi. Na ule ufunguo mkubwa wa mlango, ambao ulikuwa mgumu kunakiliwa, ulikuwa ukihifadhiwa kwenye chumba cha vifaa pale jirani.

Ufunguo huo unaeleza mambo mengi kuliko dawa ya nywele. Mfumo ulikuwa na tabaka nyingi za ulinzi, lakini kila tabaka lilitunzwa na watu waliokuwa wakiamini kuwa tabaka jingine linatosha. Aliyeuacha ufunguo karibu na mlango aliamini namba za siri. Waliolinda namba za siri waliamini sumaku. Wezi waliokaa humo miaka miwili hawakuhitaji kuushinda mfumo wote kwa mpigo. Walihitaji kujua ni wapi kila mmoja alimwachia mwenzake kazi.

Sasa tazama walivyotoka. Walikusanya kila kitu kilichoweza kuwataja, hata kanda za kamera za jengo wakazichukua, wakajaza mifuko ya taka ili waichome mbali. Njiani kuelekea kusini, kando ya barabara kuu ya E19, mmoja wao akapatwa na hofu na mifuko ikatupwa msituni bila kuchomwa. Mwenye eneo lile alikuwa mtu aliyechoshwa na watu wanaomtupia taka, na mara kwa mara alikuwa akiwapigia polisi simu kulalamika. Safari hii alipochambua taka zenyewe akakuta bahasha za wafanyabiashara wa almasi wa Antwerp. Wapelelezi wakaja, wakaokota karatasi vipande kwa vipande na kuziunganisha. Ilipatikana ankara ya vifaa vya kurekodia video yenye jina la Notarbartolo. Ulipatikana mkate wenye soseji ya salami, umeliwa nusu, na vinasaba vilivyobaki juu yake vikawa ushahidi. Alihukumiwa kifungo cha miaka 10, wenzake wachache wakafungwa kwa muda mfupi zaidi.

Antwerp ilikuwa na kikosi cha polisi kilichobobea katika kesi za almasi tu, na hilo lilisaidia sana, kwa sababu makachero wale walijua biashara ile inaandikwaje na inazungumzwaje. Karatasi ambayo askari wa kawaida angeiona ni uchafu, wao waliitambua. Hata hivyo almasi zenyewe kwa sehemu kubwa hazijaonekana hadi leo. Almasi ikishakatwa upya au kuchanganywa na nyingine haina jina. Notarbartolo baadaye alidai, katika mahojiano na jarida la Kimarekani, kwamba wizi ulikuwa na mkono wa baadhi ya wafanyabiashara waliotaka fidia ya bima. Madai hayo hayakuthibitishwa mahakamani. Kwa hiyo kesi moja ina matokeo mawili. Watu walikamatwa kwa sababu ya njia yao ya kutoka. Mali haikukamatwa kwa sababu yenyewe ilikuwa na njia ya kutoka iliyo safi.

Tofauti hiyo ndiyo ninayoitumia kama kipimo kila ninaposoma kesi mpya. Swali la kwanza la umma huwa "waliingiaje?" Swali lenye faida ni "kile walichochukua kinageukaje kuwa nyumba, shamba au akaunti?"

Mjini Fortaleza, Brazili, Agosti 2005, kundi moja lilipanga nyumba karibu na tawi la Benki Kuu na kufungua biashara ya kuuza nyasi, halisi na za bandia. Magari ya kampuni yakawa yanatoka na udongo kila siku, na jirani hakuona ajabu: wauza nyasi wasibebe udongo? Kwa takriban miezi mitatu walichimba handaki la karibu mita 80, mita nne chini ya barabara, wakaliimarisha kwa mbao na plastiki, wakaweka taa na kipoza hewa. Wikendi ya Agosti 6 na 7 wakatoboa zaidi ya mita moja ya zege yenye nondo na kuondoka na reali milioni 164 na ushee, noti za reali 50 zenye uzito wa tani tatu na nusu. Walichagua vizuri. Zilikuwa noti zilizotumika, zinazosubiri kukaguliwa, na namba zake hazikuwa zimeorodheshwa. Kabla ya kuondoka walimwaga unga mweupe nyumba nzima ili kuharibu alama za vidole.

Kwa vigezo vya mlango, kazi ile haina kasoro. Lakini tani tatu na nusu za karatasi ni mzigo, na mzigo una uzito wake hata katika maisha ya mtu. Siku chache tu baadaye mfanyabiashara mmoja aliuziwa magari kadhaa kwa noti za reali 50 taslimu. Magari yale yakiwa juu ya lori la kubebea magari yalisimamishwa na polisi na ndani yake zikakutwa fedha nyingine. Kuanzia hapo wapelelezi wakawa wanafuata ununuzi: nani ghafla amenunua, nani analipa taslimu. Na polisi hawakuwa peke yao kwenye msako huo. Oktoba mwaka huohuo mmoja wa waliotajwa kuwa vinara alitekwa, familia yake ikalipa fidia, na maiti yake ikapatikana imetupwa. Wengine nao walitekwa na watu waliojua kwamba mwenye fedha ya wizi hawezi kwenda kituoni kuomba msaada. Sifa za mitandaoni hazifiki sehemu hii ya hadithi, na ingefaa zifike.

Wazee walioiba Hatton Garden, mtaa wa vito mjini London, waliingia wakijua mengi kuliko vijana wa Fortaleza, maana baadhi yao walikuwa wamekaa kwenye uhalifu nusu karne. Mmoja wao, Brian Reader, alikuwa na miaka 76. Wikendi ndefu ya Pasaka, Aprili 2015, waliteremka kupitia shimo la lifti hadi kwenye chumba cha visanduku, wakatoboa ukuta wa zege wenye unene wa sentimita 50 kwa mashine kubwa ya kuchimbia zege, matundu matatu yaliyopishana. Upande wa pili wakakuta kabati la chuma limefungwa imara, na kifaa cha kulisukuma kikaharibika. Wakarudi nyumbani. Reader aliona mambo yamekwisha, hakurudi tena. Wenzake wakanunua kifaa kipya, wakarudi usiku wa Jumamosi na kumaliza. King'ora kilikuwa kimelia usiku wa kwanza. Mlinzi akafika, akatazama mlango kwa nje, akaona uko salama, akaondoka. Na polisi walikiri baadaye kwamba wito ule ulipewa daraja la kutohitaji kuitikiwa. Hasara ilikadiriwa kufikia pauni milioni 14. Baadhi ya waliopoteza mali walikuwa wachuuzi wadogo wa vito wasio na bima, watu waliokuwa wameweka humo akiba ya maisha yao. Magazeti yalipowaita wezi wale babu wachangamfu, wachuuzi hao walisahaulika kabisa, na kwangu hilo lilikuwa dhuluma ya pili.

Kilichowaangusha ni gari. Walikuwa wameondoka na kinasa picha cha kamera za jengo, lakini kamera nyingine ya njia ya pembeni hawakuigundua, na mitaa ya London ina kamera zinazosoma namba za magari. Makachero waliliona Mercedes jeupe lenye paa jeusi likizungukazunguka eneo lile. Lilikuwa gari la mmoja wao, limesajiliwa kihalali. Hapo polisi wangeweza kukamata mara moja. Walijizuia, na kujizuia huko ndiko kulikokamilisha kesi. Waliweka vinasa sauti ndani ya magari mawili na kusikiliza kwa majuma. Wazee wakasema yote: nani alifanya nini, nani aliogopa, nani alistahili kupunguziwa mgawo. Mei 19, siku waliyokusanyika kuhamisha mzigo, wakakamatwa. Mhusika mmoja aliyejulikana kwa jina la Basil, ambaye aliepuka simu na alikuwa na maneno machache, alikamatwa mwaka 2018, karibu miaka mitatu baada ya wizi. Ukitaka kujua thamani ya kunyamaza kwa mhalifu, ilinganishe miaka hiyo na majuma sita ya wenzake.

Hadithi ya magenge kuvunjikia kwenye ficho lao ni ya zamani. Agosti 8, 1963, treni ya barua kutoka Glasgow kwenda London ilisimamishwa kwa taa nyekundu ya uongo. Taa ya kijani ilikuwa imefunikwa kwa glavu na ile nyekundu ikawashwa kwa betri. Pauni milioni 2.6 zikateremshwa. Dereva, Jack Mills, alipigwa kichwani na hakurudi kuwa yule wa zamani. Kundi likajificha kwenye shamba la Leatherslade, wakala, wakacheza Monopoly. Polisi walipotangaza kwamba wanatafuta mashamba ya umbali wa karibu, wakatawanyika haraka, na mtu aliyetakiwa kusafisha shamba hakulisafisha. Alama za vidole zilijaa, hata kwenye mchezo wenyewe. Baadhi yao walipewa kifungo cha miaka 30.

Edmond Locard, aliyeanzisha maabara ya polisi mjini Lyon, Ufaransa, mwaka 1910, alifundisha kwamba watu au vitu viwili vikigusana kila kimoja huacha kitu chake kwa kingine. Maabara zote za upelelezi za leo zimesimama juu ya wazo hilo. Lakini alama peke yake haisemi chochote kama hakuna daftari la kulinganishia. Agosti 21, 1911, Vincenzo Peruggia, fundi aliyewahi kufanya kazi ya kuwekea picha vioo katika makumbusho ya Louvre, aliondoka na Mona Lisa. Aliacha alama ya kidole gumba cha kushoto kwenye kioo. Polisi wa Paris walikuwa na rekodi yake kutokana na makosa ya nyuma, ila waliyokuwa nayo ni ya gumba la kulia. Kwa zaidi ya miaka miwili picha ilikaa kwake. Alinaswa Desemba 1913 mjini Florence, alipompelekea muuza sanaa mmoja ili ainunue. Ni yaleyale: mlango ulimpita salama, soko likamkamata.

Sanaa ndiyo bidhaa mbaya kuliko zote kwa mwizi kwa sababu ina sura. Machi 18, 1990, watu wawili waliovaa sare za polisi waligonga mlango wa makumbusho ya Isabella Stewart Gardner mjini Boston usiku wa manane. Mlinzi akawafungulia, nani amzuie polisi? Kwa dakika 81 walichukua kazi 13, zikiwemo za Vermeer na Rembrandt. Kuna zawadi ya dola milioni 10 kwa atakayesaidia kuzirejesha na hakuna aliyeichukua. Hakuna pia aliyezinunua hadharani, na hawezi kuwepo. Kesi hii hutajwa kama ushindi wa wezi, na mimi sikubaliani. Mali ambayo haiuziki, haionyeshwi wala haitajwi ni hasara kwa kila upande, na dunia nzima ndiyo iliyoilipa.

Vito viko katikati: vina sura, lakini vinavunjika. Ndiyo maana wizi wa Louvre wa Oktoba 19, 2025 ulitisha. Jumapili asubuhi, saa tatu na nusu hivi kwa saa za Paris, wanaume wanne walifika na lori lenye ngazi ya kupandishia samani, wawili wakapanda hadi kwenye roshani ya ukumbi wa Apollo wakiwa na fulana za mafundi, wakakata dirisha na vioo vya maonyesho kwa mashine za kukatia. Chini ya dakika nane walikuwa wameondoka na vipande vinane vya vito vya kifalme vyenye thamani ya yuro milioni 88. Mkurugenzi wa makumbusho aliwaambia maseneta kwamba kamera pekee ya nje upande ule ilikuwa imeelekezwa kwingine. Hapa hapakuwa na handaki wala miaka miwili ya kujifanya mteja, ila lori, fulana na ujasiri wa kutenda mchana kweupe mbele ya watu wasioona sababu ya kumshuku fundi. Na bado walitoka vibaya. Waliangusha taji la malkia Eugénie, wakashindwa kulichoma moto lori, wakaacha vifaa na mavazi yenye vinasaba. Safari hii daftari la kulinganishia lilikuwepo, tofauti na mwaka 1911. Ndani ya juma moja wawili wa kwanza wakatiwa mbaroni. Vito havikupatikana pamoja nao, kwa sababu dhahabu ikiyeyushwa na mawe yakikatwa upya hakuna mtaalamu atakayeapa mahakamani kwamba ndiyo yenyewe.

Kuanzia hapa mizani inageuka.

Februari 2016, watu ambao hawakukanyaga Dhaka walijaribu kuchukua dola milioni 951 za Benki Kuu ya Bangladesh zilizokuwa kwenye akaunti yake New York. Walikuwa wameingia kwenye mtandao wa benki hiyo zaidi ya mwaka mmoja kabla kupitia barua pepe ya mtu anayeomba kazi. Kuingia hakukuwa kazi kubwa. Akili yao iko kwenye kalenda. Maagizo 35 ya malipo yalitumwa Alhamisi jioni, Februari 4. Ijumaa Bangladesh ni mapumziko. Jumamosi, Dhaka walipoanza kushtuka, New York ilikuwa imefungwa. Jumatatu, Februari 8, ilikuwa sikukuu ya mwaka mpya wa Kichina na Manila, Ufilipino, ambako fedha zilikuwa zikielekea, ilikuwa mapumzikoni. Siku nne zikapatikana bila mtu wa kuzuia. Printa iliyotakiwa kutoa nakala za miamala ilikuwa imezimwa kwa makusudi, na wafanyakazi wakadhani imeharibika kama zinavyoharibika printa.

Linganisha na Antwerp. Hawa walifungua akaunti nne katika tawi moja la benki jijini Manila mwezi Mei 2015, miezi tisa kabla ya wizi, kila moja kwa dola 500, kisha wakaziacha zimelala. Walichagua Ufilipino wakati ambapo sheria yake ya kuzuia utakatishaji fedha ilikuwa haijazigusa kasino. Fedha zilipofika zikahamishiwa kwenye meza za kamari, na ikishakuwa sarafu ya kasino, dola ya Bangladesh haina tena baba wala mama. Kilichookoa sehemu kubwa ya ile milioni 951 ni bahati na umakini wa makarani: jina la mtaa wa tawi, Jupiter, lilifanana na jina lililokuwa kwenye orodha ya vikwazo vya Marekani, malipo mengi yakasimamishwa, na malipo ya dola milioni 20 kwa taasisi moja ya Sri Lanka yalikosewa tahajia, benki ya kati ikauliza, yakarudishwa. Dola milioni 81 zilipita. Sehemu ndogo tu ilirejeshwa. Wapelelezi wa Marekani walilihusisha tukio hilo na kundi la wadukuzi wa Korea Kaskazini na mwaka 2018 wakamfungulia mmoja wao mashtaka akiwa mbali na mkono wao. Aliyehukumiwa kifungo ni meneja wa tawi la Manila.

Mbinu ya upelelezi hapa imebadilika kabisa. Hakuna mkate ulioliwa nusu. Mpelelezi anasoma programu ya kompyuta kama Locard alivyosoma vumbi, akitafuta mazoea ya mwandishi: vipande vya maandishi vilivyorudiwa kutoka uvamizi wa nyuma, saa anazofanyia kazi, anwani zilizotumika tena kwa uvivu. Anaweza kumtambua mwizi kwa uhakika mkubwa na bado asimpate. Uzito wa kazi umehamia kwa karani anayeuliza kwa nini jina limekosewa, na kwa bunge linaloamua kama kasino iandike jina la anayeingiza fedha. Ufilipino ilirekebisha sheria yake mwaka 2017.

Sisi wa Afrika Mashariki tunaijua sura nyingine ya wizi huu, na ndiyo iliyonifanya niandike. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 kampuni ya Goldenberg nchini Kenya ililipwa na serikali motisha ya kuuza nje dhahabu na almasi, katika nchi ambayo haikuwa na almasi na dhahabu yake ilikuwa kidogo mno. Fomu zilijazwa, mihuri ikagongwa, mabilioni ya shilingi yakatoka Benki Kuu kupitia mlango wa mbele. Tanzania nayo, mwaka wa fedha 2005/06, ilishuhudia akaunti ya madeni ya nje ya EPA katika Benki Kuu ikilipa kampuni 22 jumla ya shilingi bilioni 133, mengi ya malipo yakitegemea hati zilizodai kwamba wadai wa zamani wa kigeni wamehamishia madeni yao kwa kampuni za hapa. Ukaguzi ulionyesha hati za kughushi na Januari 2008 Gavana akaondolewa. Baadhi ya watu walifungwa. Ukipima kwa kiasi, handaki la Thika halifikii hata robo ya asilimia moja ya Goldenberg, na bado vijana wa Thika ndio walioonwa kuwa wajanja wa karne.

Hati ina kitu ambacho handaki halina: inamaliza kuingia na kutoka kwa wakati mmoja. Fedha inapoondoka tayari imeitwa malipo. Hakuna mzigo wa kuficha, hakuna wa kutekwa, hakuna gari la kufuatwa. Mpelelezi anakuta saini halali, za watu wenye mamlaka ya kusaini, na lazima athibitishe kilichokuwa vichwani mwao. Kesi huchukua miaka, mashahidi huzeeka, mafaili hupotea. Mbinu zote nilizozitaja, kamera, vinasaba, vinasa sauti, hazina pa kushika.

Kinachobaki ni mtu wa ndani, na kikulacho ki nguoni mwako ina upande wake wa pili: anayeweza kukuokoa naye yumo humohumo. Goldenberg ilifichuka kwa sababu karani kijana wa Benki Kuu ya Kenya, David Munyakei, aliona takwimu ambazo hazikuingia akilini na mwaka 1993 akazitoa nakala zake kwa wabunge wa upinzani. Alikamatwa, akaachiwa, akafukuzwa kazi. Alihamia Mombasa, akaanza maisha upya bila ajira ya maana, na miaka kumi baadaye akasimama mbele ya Tume ya Jaji Bosire, iliyochunguza kashfa hiyo, kueleza alichokiona. Alipewa tuzo, kazi hakurudishiwa. Alifariki mwaka 2006 akiwa maskini, na hakuna mkubwa aliyekuwa amefungwa kwa ile kashfa.

Tanzania ilitunga sheria ya kuwalinda watoa taarifa na mashahidi mwaka 2015, miaka saba baada ya EPA kulipuka. Katika ofisi zilizopitisha malipo yale lazima walikuwepo makarani waliozipokea hati, wakazisoma, wakaona tarehe au saini haikai sawa. Naamini baadhi yao wangesema mapema, wakati fedha bado zinaweza kuzuiwa, kama wangejua kwamba mwezi unaofuata mshahara wao ungeingia kama kawaida.